Mrehani na Rehani

Mrehani wangu wa kwanza Dar es Salaam ulikuwa wa kutazama tu. Niliupanda kwenye ndoo ya rangi niliyoitoboa chini, nikauweka roshani upande usiopigwa na jua, nikawa naumwagilia asubuhi na jioni, na kila baada ya wiki mbili naupa kijiko cha urea. Ukanilipa majani. Yalikuwa mapana na laini, na shina lilirefuka hadi nikalifunga kijiti lisianguke. Wapanda ngazi walikuwa wakisimama kuusifia. Siku moja jirani wa mlango wa pili, mama wa Mombasa mwenye pua isiyodanganyika, akachuma jani, akalisugua kwa vidole, akanusa, kisha akanitazama kwa huruma.

"Kaka, huu mchicha."

Nilicheka, lakini iliniuma. Mimi ni mtoto wa Wete. Nimekulia kwenye uga wa bibi mzaa mama, ambako mrehani ulikuwa ukiunusa kabla hujauona, hasa jioni, pale unapochanganyika na asumini inayoanza kufunguka na karafuu iliyoshinda juani kwenye majamvi. Isitoshe, mimi ni mwalimu wa baiolojia. Miaka tisa nimesimama mbele ya darasa nikitaja homoni za mimea kama mtu anayetaja vituo vya daladala: oksini, jiberelini, sitokinini, ethilini, asidi absisiki. Wanafunzi wanaandika, wanakariri, wanafaulu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza homoni inahusianaje na harufu, na mimi sikuwahi kujiuliza.

Nikampigia bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo huko?"

Nikamweleza kisa cha mchicha. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Unaugusa?"

"Kuugusa vipi?"

"Kuugusa tu. Mrehani usioguswa hujisahau."

Hapo nikamkumbuka. Kila alipotoka jikoni kwenda kisimani, na kila aliporudi, mkono wake wa kushoto ulipita juu ya ile safu ya mirehani kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto. Sisi wajukuu tulidhani ni mazoea, kama watu wanaogusa mlango kabla ya kuingia. Mwenyewe hakuwahi kueleza, na sasa kwenye simu hakueleza pia. Alihamia habari za shemeji yangu na deni lake.

Basi nikaanza kusoma, kwa hasira kidogo, na jambo la kwanza nililokutana nalo lilinifanya nifunge kompyuta nikatembee.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Janet Braam na Ronald Davis walikuwa wanatafuta jeni zinazoamka mmea unaponyunyiziwa homoni ya jiberelini. Walikuwa wakitumia arabidopsi, kigugu cha jamii moja na kabichi ambacho maabara duniani kote hukifanyia majaribio. Wakanyunyizia homoni, wakapima, na kweli jeni kadhaa zilikuwa zimewaka. Lakini kila jaribio huwa na mimea ya kulinganishia, na hiyo walikuwa wameinyunyizia maji matupu. Jeni zile zile zilikuwa zimewaka huko nako. Homoni haikuhusika kabisa. Mimea ilikuwa imehisi matone yakiigonga. Wakaigusa kwa mkono, wakaipigisha upepo, na matokeo yakawa yale yale: ndani ya dakika 10 hadi 30, nakala za jeni hizo zilipanda hadi mara 100. Makala yao ilitoka mwaka 1990, na jeni wakazipa jina la kuguswa.

Bibi yangu mwaka huo alikuwa tayari ana wajukuu saba na mkono wake wa kushoto ulikuwa kazini.

Braam baadaye alihamia Houston, na mwaka 2012 yeye na wenzake walionyesha kinachofuata baada ya kuguswa. Mmea unaoguswa kila siku hubaki mfupi na huchelewa kutoa maua, na ili hayo yatokee lazima uwe na uwezo wa kutengeneza homoni moja ambayo kwenye orodha yangu ya darasani haimo: jasmonati. Mimea iliyozaliwa na kasoro, isiyoweza kuitengeneza, ilipapaswa wiki nzima nzima na ikaendelea kurefuka kama vile hakuna kilichotokea.

Jina hilo nililisoma mara mbili. Jasmonati, yaani ya asumini. Na kweli ndiko ilikotoka. Mwaka 1962 Demole, Lederer na Mercier walikuwa wanachambua mafuta ya asumini yenye maua makubwa, yale ya wauza manukato, wakaitenga humo kemikali wakaiita methili jasmonati. Ndani ya mafuta hayo ni kiasi kidogo sana. Kinachoijaza pua ni vitu vingine. Hakuna aliyedhani kwamba kile kidogo kina kazi yoyote zaidi ya kunukia. Ilichukua karibu miaka ishirini kutambulika kwamba ndugu zake wa karibu wamo karibu katika kila mmea, wawe na ua zuri au wasiwe nalo, wakifanya kazi ya kupeleka habari mbaya.

Habari mbaya ndiyo hasa kazi yake. Kiwavi anapotafuna jani, utando wa seli hupasuka, na mafuta fulani yaliyomo humo, asidi linoleniki, hukatwa na kusukwa upya na vimeng'enya, kwanza ndani ya kloroplasti kisha nje yake, hadi yanapotoka yakiwa jasmonati. Mmea hauna mishipa ya fahamu. Una mafuta yake mwenyewe, yaliyogeuzwa kuwa mjumbe.

Sasa hapa ndipo penye utamu, na nitakaa kidogo.

Vitabu vyetu vya shule hueleza homoni kana kwamba inafika kwenye jeni na kuibonyeza, kama swichi ya taa. Mambo hayako hivyo. Fikiria mpiga ngoma aliyekaa tayari, fimbo mkononi, anajua mapigo yote. Hapigi kwa sababu kuna mtu kamkalia mikono. Mpiga ngoma ni protini iitwayo MYC2, ambayo hushika DNA na kuamuru jeni zisomwe. Aliyemkalia ni protini za kundi la JAZ. Siku ya kawaida, jani halina shida, JAZ wanakaa juu ya mikono ya MYC2 na kimya kinatawala. Jasmonati ikifika (ikiwa imeshikanishwa na asidi amino moja iitwayo isolusini, maana peke yake haifai) haiendi kwa mpiga ngoma hata kidogo. Inakuwa gundi. Inamnasa JAZ kwenye protini nyingine, COI1, ambayo kazi yake ni kumpiga alama ya kutupwa. JAZ mwenye alama anapelekwa kwenye mashine ya seli ya kusaga protini, anasagwa, na mikono ya MYC2 iko huru.

JAZ walijulikana mwaka 2007 tu. Nilikuwa nimeshamaliza kidato cha sita. Kwa hiyo nisiwalaumu sana walionifundisha.

Na kuna ujanja mmoja nimeupenda. Miongoni mwa jeni za kwanza ambazo MYC2 huziwasha mikono yake ikiachiwa ni jeni za kutengeneza JAZ wapya. Yaani mpiga ngoma, kwenye mapigo yake ya mwanzo kabisa, anamwita mtu wa kuja kumkalia. Ngoma haitakesha. Kiwavi akiondoka na mjumbe akikauka, kimya kinarudi chenyewe. Wapo pia wahuni: bakteria mmoja wa majani, Pseudomonas syringae, hutengeneza jasmonati bandia, akaipigisha ngoma isivyopaswa, na mmea ukishughulika na kiwavi asiyekuwepo, yeye anaingia kwa mlango mwingine. Hata lile jina COI1 limetokana na jasmonati hiyo bandia, ambayo ni sumu ya bakteria huyu.

Turudi kwenye ndoo yangu. Ukilitazama jani la mrehani kwa kioo cha kukuzia utaona vidoti vinavyong'aa, kama matone ya mafuta juu ya mchuzi. Hizo ni tezi. Kila moja ina seli chache chini na juu yake mfuko mdogo, na mfuko huo ndimo yalimo manukato: linaloli, eujenoli, methili kavikoli, kwa uwiano unaotofautiana kati ya mrehani na mrehani. Ukisugua jani, unapasua mifuko. Lile "mchicha" la jirani yangu lilimaanisha mifuko mitupu, au michache.

Eujenoli ni ya kwetu. Ndiyo harufu ya karafuu. Ndiyo sehemu kubwa ya mafuta yake, na ya makonyo, vile vikonyo ambavyo Pemba havitupwi bali hupelekwa kiwandani kukamuliwa mafuta. Mwaka 2006 maabara ya Eran Pichersky huko Michigan iliipata jeni inayotengeneza kimeng'enya cha mwisho, kile kinachoimalizia eujenoli, na walipoitafuta hawakwenda kwenye mkarafuu. Waliikuta kwenye tezi za mrehani, na ndugu yake kwenye ua la petunia. Nikiwa mtoto niliwahi kumwambia bibi kwamba mrehani na karafuu vinanukiana, akaniambia nikanawe mikono. Alidhani nimetoka kuchambua karafuu.

Mwaka huo huo wa 2006, watafiti wa Clemson, Marekani, walichapisha matokeo ya kuipulizia mirehani methili jasmonati. Dozi ilikuwa ndogo, na eujenoli na linaloli zote mbili zilipanda, kiasi cha nusu hivi zaidi ya mirehani isiyopuliziwa. Asidi ya rosmariniki nayo, isiyonukia lakini inayolinda jani, iliongezeka. Walipofuatilia mwaka uliofuata wakakuta jeni za njia zote mbili, ile inayozaa jamii ya eujenoli na ile inayozaa jamii ya linaloli, zimewaka zaidi. Tone la asumini juu ya mrehani, na mrehani ukanukia zaidi. Wanawake wa pwani wamevifunga viwili hivyo pamoja kwenye kikuba, kile kifungu cha maua na majani ya kunukia, tangu lini sijui, kwa sababu nyingine kabisa.

Kwa nini basi mmea usijinukishe wakati wote? Jibu limo ndani ya jina lake. Kwa Kiswahili rehani ni jani la mrehani, na rehani ni kile unachoacha kwa mkopeshaji hadi ulipe. Maneno mawili ya Kiarabu yasiyo na undugu yameangukia herufi zile zile, lakini mmea wenyewe unaishi maana zote mbili. Kila tone la eujenoli limetengenezwa kwa kaboni ambayo ingeweza kuwa jani, shina, mbegu. Mmea unaweka ukuaji wake rehani.

Na mkopeshaji yupo, kwa maana ya protini. Zinaitwa DELLA, na kazi yake inayojulikana zaidi ni kuuzuia mmea usirefuke. Jiberelini ikiwa nyingi, DELLA husagwa na mmea hupaa. Lakini DELLA wana kazi ya pembeni: huwashikilia JAZ. Wakiondoka, JAZ wako huru, na unajua watakwenda kukaa wapi. Hivyo homoni ya kurefuka, bila kugusana na homoni ya kujilinda, inaifunga mikono ya mpiga ngoma kwa kuwafungulia waliokuwa wameshikiliwa. Hili lilionyeshwa kwenye arabidopsi mwaka 2010. Kivuli nacho huusukuma mmea kutengeneza jiberelini zaidi, uharakishe kulifikia jua.

Sasa tazama nilichokuwa nimefanya. Nimeuweka kivulini, nikaupa urea na maji tele, nimeulinda na upepo, na hakuna hata kiwavi mmoja anayepanda ghorofa ya tatu. Nimeufungia mlango kila mjumbe. Ukarefuka, ukapanuka, ukajisahau.

Nikasema nijaribu. Nilipanda upya, ndoo mbili, mbegu za pakiti moja, nikazihamishia upande wa jua. Urea nikaacha. Ndoo ya kushoto niliipapasa kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, mipapaso ishirini ya mkono wazi, mke wangu akinitazama bila kusema neno. Ya kulia sikuigusa. Baada ya wiki tano ile ya kushoto ilikuwa fupi kwa vidole vinne na shina lake nene, na hilo hata mtoto aliliona bila rula. Harufu ndiyo iliyonisumbua. Niliwafunga watu sita macho kwa kanga, nikawanusisha. Wanne walichagua wa kushoto, wawili wakasema ni sawasawa. Ndoo zote mbili ziliushinda ule mchicha kwa mbali.

Siyo ushahidi, na kama mwanafunzi wangu angeniletea ripoti hiyo ningempa alama za juhudi. Ndoo mbili si kitu. Na kuna mtego ambao niliuona nikiwa nimeshachelewa: kupapasa kunapasua tezi. Harufu inayotoka papo hapo ni ya akiba, ilikuwa mfukoni tayari, haina habari na jeni yoyote. Jeni zinawaka ndani ya dakika, lakini kutoka nakala ya jeni hadi kimeng'enya, na kutoka kimeng'enya hadi mfuko uliojaa, ni siku kadhaa. Mtu anayegusa mrehani na kunusa vidole anapata mshahara wa wiki iliyopita. Na kwa hakika jua ndilo lililofanya kazi kubwa kuliko mkono wangu. Mrehani kwenye mwanga mwingi hutengeneza linaloli na eujenoli zaidi, hilo limepimwa na watu wenye vifaa.

Lipo pia suala la umri wa jani, ambalo ningelijua mapema ningeacha kunusisha watu majani ya chini. Kwenye mnanaa, binamu wa mrehani, maabara ya Rodney Croteau katika jimbo la Washington, Marekani, ilipima na kukuta kwamba jani hutengeneza manukato yake kati ya siku ya 12 na ya 20 hivi ya maisha yake, baada ya hapo linatunza tu. Jani zee likipelekewa mjumbe ni kama kupiga ngoma kwenye nyumba iliyohamwa. Bibi alichuma vilele tu. Na kila kilele ulichochuma kilikuwa kinatoa oksini inayokandamiza machipukizi ya chini; ukikiondoa, mawili yanaamka pale kilipokuwa kimoja, machanga, yenye tezi zinazofanya kazi. Mtu anayechuma vilele kila jioni kwa ajili ya kikuba anapata mrehani wa kichaka, uliojaa majani ya umri unaofaa, bila kusoma hata ukurasa.

Wazo lililonikalia kichwani muda mrefu ni la mwasumini wa bibi. Ulikuwa umepandwa palepale, matawi yake yameilalia mirehani. Mwaka 1990, ule ule wa makala ya Braam na Davis, watafiti Farmer na Ryan, pia huko Washington, waliweka matawi ya mwitu wa jangwani wa jamii ya pakanga, wenye methili jasmonati nyingi, kwenye chumba kimoja kilichofungwa na miche ya nyanya. Havikugusana. Nyanya zilianza kutengeneza protini za kuwavuruga viwavi tumboni, kwa kunusa tu. Ningependa sana kuandika kwamba mwasumini wa Wete ulikuwa ukiiambia mirehani ijihadhari. Lakini chumba cha majaribio kimefungwa, na uga wa bibi una upepo wa bahari tangu adhuhuri. Siandiki.

Mwezi uliopita bibi alikuja Dar kutibiwa macho. Mtoto wa jicho umezifunika mboni zote mbili, anaona mwanga na vivuli. Nilimpandisha ngazi polepole, nikamkalisha roshani apate hewa, sikumwambia kitu. Akanyoosha mkono wa kushoto, ukaiangukia ndoo ya kwanza, akaupitisha juu yake bila kusema. Akaenda ya pili. Hapo mkono ukasita, ukarudi, ukapita tena taratibu.

"Huu haujazoea watu," akasema.

Kisha akarudi kwenye ule wa kwanza, akachuma vilele vitatu, akavipanga kiganjani, akaniuliza asumini iko wapi. Nikamwambia ghorofa hili halina asumini, bibi. Akaniangalia, au akaangalia upande niliposimama.

"Sasa hivi nitavifunga na nini?"

Nikateremka kwenda kuuliza kwa wauza miche wa barabarani.